Umesimama wapi? Swali linalopaswa kutangulia rula katika somo la uchoraji

Siku ya kwanza ya kufundisha uchoraji wa kina, yaani kuchora vitu vionekane karibu au mbali kwenye karatasi bapa, aghalabu ubaoni huwa na mchoro uleule: mstari umekata karatasi katikati, nukta moja iko juu yake, barabara inasinyaa kuielekea, na nguzo zimejipanga kandokando zikizidi kuwa fupi. Wanafunzi wananakili. Kipindi kikiisha, wote wanaweza kukuambia kwamba mistari sambamba inayokwenda mbali na mtazamaji hukutana kwenye nukta ya kutokomea. Wiki mbili baadaye mwambie mmoja wao achore chumba anacholala. Kitanda kitaelea hewani, meza itaonekana kwa juu na kiti kwa ubavu, na mlango utakuwa mfupi kuliko mtu aliyesimama kando yake.

Ni kosa kumlaumu mwanafunzi huyo kuwa hakusikiliza. Alisikiliza vizuri, ila alichofundishwa ni picha moja, si kanuni. Barabara ile haikuwa na mtu aliyesimama mahali. Nukta ilikaa katikati kwa sababu mwalimu aliiweka katikati, na mstari ulikuwa kwenye kimo kile kwa sababu ubao uliruhusu. Mwanafunzi hakuulizwa lolote, na kwa hiyo hakuamua lolote.

Uchoraji wa kina unamlazimisha mchoraji, kuliko mbinu nyingine yoyote ya penseli, kujibu maswali matatu kabla ya mstari wa kwanza: umesimama wapi, macho yako yako kimo gani kutoka ardhini, na unatazama upande gani. Majibu hayo matatu yakikamilika, karibu kila kitu kinachofuata ni hesabu. Na mwanafunzi anayeanza huwa na majibu ya kweli pale tu anapochora mahali alipowahi kusimama, panapomhusu kiasi cha kupakumbuka. Ndiyo maana mahali penye maana kwa mwanafunzi panapaswa kuwa mwanzo wa somo, wala si zawadi ya mwishoni kwa waliomaliza mazoezi ya maboksi.

Mbinu hii yenyewe ilianza hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 15, mjini Florence, Italia, msanifu majengo Filippo Brunelleschi alichora kwenye ubao mdogo jengo la ubatizo linalotazamana na kanisa kuu la mji, kama linavyoonekana kwa mtu aliyesimama ndani kidogo ya mlango wa kanisa hilo. Akautoboa ubao tundu dogo. Mtazamaji alichungulia kwa nyuma ya ubao huku ameshika kioo mbele yake, akauona mchoro ndani ya kioo umekaa mahali pa jengo lenyewe. Ubao ule ulipotea zamani, lakini maelezo yake yamebaki. La kuzingatia ni alichokichagua. Angeweza kuchora boksi tupu, nalo lingethibitisha jiometria ileile. Alichagua jengo ambalo kila mkazi wa mji alilifahamu, na ambalo wengi wao walibatizwa ndani yake, hivyo kila aliyechungulia aliweza kusema ndivyo au sivyo.

Faida hiyo ndiyo inayopotea kwenye barabara ya ubaoni. Mwanafunzi anayechora barabara ya kubuni hana njia ya kujua kwamba amekosea. Lazima asubiri kalamu nyekundu. Anayechora jiko la nyumbani anajua kwamba hajawahi kuona sehemu ya juu ya kabati, anajua kwamba dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake, anajua kwamba ukikaa kwenye kigoda hukioni kilicho mezani. Kosa linamkera yeye kabla halijamkera mwalimu. Kumbukumbu inageuka kipimo, na kipimo hicho anacho kila mwanafunzi bila kununua chochote.

Kuchagua mahali

Maneno "chora mahali unapopapenda" hayatoshi. Ukiishia hapo utapata fukwe, machweo na milima, yaani mandhari zisizo na mistari iliyonyooka, ambazo hazifundishi chochote kuhusu nukta ya kutokomea. Mahali pawe na masharti. Mwanafunzi awe amesimama au amekaa hapo mwenyewe mara nyingi. Pawe padogo, si zaidi ya mita 10 kwenda mbali. Pawe na angalau kitu kimoja chenye kona za mraba: chumba, veranda, ngazi, duka, kichochoro kati ya kuta mbili, benchi chini ya mti. Kisha aandike sentensi tatu tu: nilikuwa wapi hasa, nilisimama au nilikaa, na macho yangu yalikuwa yakielekea kitu gani.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Mahali penye maana mara nyingi ni mahali palipopotea, au penye mtu aliyefariki, au penye jambo ambalo mtoto hataki darasa lilijue. Maswali yote ya mwalimu yawe ya vipimo: mlango ulikuwa upande gani, kitanda kiligusa ukuta, ulifika na mkono kwenye dirisha? Kwa nini mahali hapo na si pengine, hilo mwanafunzi ana haki ya kutolisema. Kazi inakwenda vizuri hata asipotamka neno.

Wapo pia ambao mahali pao hapana kona hata moja, kama nyumba ya mviringo au kisima. Wasilazimishwe kubadili. Duara lolote huingia ndani ya mraba. Mraba ukishachorwa kwa kina, duara huufuata. Hilo litakuja baadaye.

Kioo kwanza, kanuni baadaye

Kabla ya kutaja nukta ya kutokomea, kila mwanafunzi aione kwa jicho lake. Chukua plastiki ngumu angavu ya kama sentimita 20 kwa 30, ibandike wima kwa kitepe kwenye fremu au kwenye kioo cha dirisha. Kwa kalamu ya wino inayoandika kwenye plastiki, mwanafunzi afuatishe anachokiona ng'ambo: kona za dari, kingo za milango, safu za madawati.

Zoezi hili huharibika kwa sababu mbili, na karibu kila darasa litakutana nazo zote. Ya kwanza ni kuacha macho yote mawili wazi. Kila jicho lina picha yake, na mstari unaruka mara huku mara kule. Jicho moja lifungwe. Ya pili ni kichwa kusogea. Kikisogea sentimita 2 tu, mstari unaochorwa sasa hauungani na uliochorwa dakika moja kabla. Panga vitabu mezani mpaka kidevu kipate pa kukaa, plastiki iwe kama sentimita 30 mbele ya jicho, na asiinuke mpaka amalize. Dakika 15 zinatosha.

Kisha plastiki ilazwe juu ya karatasi nyeupe kubwa, na mwanafunzi arefushe kwa rula kila mstari ambao anajua kwamba katika uhalisia unakwenda mbali naye. Mistari hiyo itaelekea mahali pamoja. Apime urefu wa mahali hapo kwa kurudi kwenye kiti chake: atakuta uko sawa na jicho lake. Hakuna maelezo ya ubaoni yanayoweza kushindana na wakati huo, kwa sababu nukta imejitokeza yenyewe, nayo imejitokeza mbele ya jicho lake yeye. Jirani yake aliyekaa kiti kirefu zaidi ana nukta ya juu zaidi. Basi nukta ina mwenyewe.

Ramani ya sakafu na kimo cha macho

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, na kurukwa kwake ndiko kunakozaa vitanda vinavyoelea. Mwanafunzi achore ramani ya mahali pake kama inavyoonekana kutoka juu, kwa kipimo cha 1:50, ambapo mita 1 ni sentimita 2. Anayeweza kurudi mahali hapo apime kwa hatua: atembee hatua 10 za kawaida, apime umbali wote, agawanye kwa 10, apate urefu wa hatua yake. Asiyeweza kurudi atumie vitu ambavyo ukubwa wake haubadiliki sana: mlango una urefu wa karibu mita 2 na upana wa sentimita 80 hadi 90, meza ina kimo cha sentimita 75, kiti cha kukalia sentimita 45, kitanda cha mtu mmoja kama mita 1.9 kwa sentimita 90. Kwa kuuliza "vitanda vingapi vingeenea ukuta ule?" chumba kilichobomolewa miaka mingi iliyopita kinaweza kurudi na vipimo vyake, kwa makosa madogo tu.

Juu ya ramani aweke nukta alipokuwa amesimama, na kutoka hapo achore pembe ya nyuzi 60 kuelekea alikotazama. Kilicho ndani ya pembe hiyo kinaingia kwenye mchoro. Kilicho nje kinaachwa, kwa sababu kikilazimishwa kitavutika na kuharibika umbo. Hapa wanafunzi hugundua jambo linalowashangaza: chumba wanachokikumbuka "chote" hakikuonekana chote kutoka mahali pamoja. Ili ukuta wenye upana wa mita 4 uenee ndani ya nyuzi 60, lazima usimame karibu mita 3 na nusu kutoka kwake. Kama chumba hakina nafasi hiyo, mchoraji ana njia mbili: achore sehemu tu, au aondoe ukuta ulio nyuma yake na arudi nyuma, kama mtazamaji mbele ya jukwaa la maigizo. Zote mbili ni halali, lakini lazima achague na aseme amechagua ipi.

Sasa kimo cha macho, na hapa nastahili kukaa kidogo, maana ndipo maana na jiometria zinapokuwa kitu kimoja. Mtu mzima aliyesimama ana macho kwenye kama mita 1.5. Akikaa kitini, kama mita 1.2. Mtoto wa miaka mitano aliyesimama, karibu mita 1. Kwenye sakafu tambarare, mstari wa macho, yaani mstari wa mlalo unaochorwa kwenye kimo cha jicho, hukata kila kitu kwa kimo hichohicho, kiwe karibu au mbali. Kwa hiyo mlango wa mita 2, ukitazamwa na mtoto yule, utakatwa katikati kabisa. Ukitazamwa na mtu mzima, utakatwa kwenye robo tatu ya urefu wake. Meza ya sentimita 75 iko sentimita 25 tu chini ya macho ya mtoto, na sentimita 75 chini ya macho ya mkubwa. Maana yake, kwa umbali uleule, uso wa meza utachukua karatasini unene mara tatu zaidi kwa mkubwa kuliko kwa mtoto. Mtoto anaona ukingo wa meza na utepe mwembamba wa juu yake. Mkubwa anaona sahani zote.

Wanafunzi wengi huchora mahali pa utoto wao kwa macho ya leo, kisha wanalalamika kwamba mchoro ni sahihi lakini "si pale". Wako sahihi. Wameweka mstari kwenye mita 1.5 wakati kumbukumbu yao iko kwenye mita 1. Wakiuteremsha, milango inakuwa mirefu, dari inapanda, meza inakuwa ukuta mdogo, na bibi aliyesimama kando yake kichwa chake kinapita juu kabisa ya mstari. Hakuna rangi wala kivuli kinachoweza kufanya kazi hiyo ambayo mstari mmoja umeifanya kwa kushuka.

Sakafu yenye vipimo

Mfano mmoja wenye namba unatosha kufundisha ujenzi wote. Chumba kina upana wa mita 4, kina cha mita 5 na kimo cha mita 2.5. Macho yako mita 1 kutoka sakafuni, na mtazamaji yuko mita 4 mbele ya upande wa chumba uliofunguliwa. Karatasi ni A3 (sentimita 42 kwa 29.7) iliyolazwa, na kipimo ni 1:20, yaani mita 1 ni sentimita 5. Penseli iwe ngumu, 2H, mistari iwe myepesi.

Karibu na chini ya karatasi chora mstari wa ardhi, yaani ukingo wa mbele wa sakafu, wenye sentimita 20, katikati ya upana wa karatasi, na ugawe mara nne kwa sentimita 5. Sentimita 5 juu yake chora mstari wa macho, ukienea karatasi nzima. Weka nukta ya kutokomea juu ya mstari huo, sawa na katikati ya mstari wa ardhi, na uiunganishe na alama zote tano za chini. Sasa una mistari inayokwenda mbali, lakini hujui mita ya kwanza inaishia wapi. Kwa kukisia, wanafunzi hupanga safu za vigae kwa nafasi zilizo sawa, na sakafu inasimama kama ukuta.

Tiba yake ni nukta ya umbali. Pima kwenye mstari wa macho, kutoka nukta ya kutokomea kwenda kushoto, umbali wa mtazamaji kwa kipimo kilekile: mita 4, yaani sentimita 20. Itaangukia sentimita 1 tu kutoka ukingo wa karatasi. Kutoka hapo vuta mstari mpaka mwisho wa kulia wa mstari wa ardhi. Kila unapokata mstari unaokwenda mbali, hapo pana mita moja zaidi ya kina. Chora mistari ya mlalo kupitia makutano hayo, na vigae vya mita 1 kwa 1 vimekamilika mpaka mita ya nne. Kwa mita ya tano, vuta mstari mwingine kutoka nukta ya umbali hadi kona ya kulia ya safu ya nne.

Pima kazi yako. Safu ya kwanza inapaswa kuwa na unene wa milimita 10, ya pili karibu 7, ya tatu karibu 5, ya nne chini kidogo ya 4. Kwenye mita ya nne, ambako kina kimelingana na umbali wa mtazamaji, upana wa sakafu unapaswa kuwa sentimita 10 kamili, nusu ya ule wa mbele. Namba hizi zikikataa, kosa karibu kila mara ni moja kati ya mawili: nukta ya umbali imepimwa kutoka ukingo wa karatasi badala ya nukta ya kutokomea, au imewekwa nje ya mstari wa macho.

Kimo cha vitu hupimwa mbele, si palepale kilipo. Kwenye ukingo wa mbele wa ukuta wa kushoto, unaopanda wima kutoka mwisho wa mstari wa ardhi, weka alama kila sentimita 2.5, ambazo ni nusu mita. Alama unayoitaka ipeleke kwenye nukta ya kutokomea ukutani, simama kwenye safu ya sakafu ambako kitu kimekaa, kisha vuka kwa mlalo mpaka juu ya kitu chenyewe. Meza, kitanda na mtu vyote vinapata kimo chao kwa njia hiyo. Na kila mguu wa kitanda uguse kigae chake kwenye gridi kabla godoro halijachorwa. Wanaoanza na godoro ndio wenye vitanda vinavyoelea, kwa kuwa miguu huishia popote penseli ilipochoka.

Duara nalo, kama la kigoda, chungu au nyumba ya mviringo, linaingia ndani ya mraba wa gridi. Unganisha kona kwa kona upate kitovu, gawa pande katikati, na duara liguse pande zote nne kwenye katikati hizo. Linatokea duaradufu, nayo haina ncha kali popote. Ncha kali pembeni ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye vyungu vya wanafunzi.

Kitu kinachopendwa hukua

Kuna kosa moja ambalo maboksi ya ubaoni hayalizai, na ndilo lenye thamani kubwa kulichunguza. Kitu anachokijali mwanafunzi huwa kikubwa kuliko vipimo vyake. Kiti cha babu kinazidi meza. Dirisha alilokuwa akisubiria mtu linajaza ukuta. Mwalimu wa haraka atafuta. Ningemsihi asifute kabla ya kuuliza swali moja: unataka kionekane kikubwa?

Jibu likiwa ndiyo, mbinu ina njia za kihalali za kumpa anachotaka. Asogee karibu nacho: kitu kilicho mita 2 kutoka kwa jicho huchukua karatasini urefu mara mbili ya kilekile kilicho mita 4. Au ateremshe macho, ili kitu kiinuke juu ya mstari. Au ahamishe nukta ya kutokomea kutoka katikati, iangukie kwenye kitu hicho, ili kila ukingo wa sakafu na dari uelekeze hapo. Leonardo da Vinci, katika picha yake ya karamu ya mwisho, aliiweka nukta hiyo kwenye kichwa cha Kristo, na chumba chote kinamwelekea. Mwanafunzi akielewa hili, ameelewa kwamba anaweza kutilia mkazo kwa kuchagua mahali pa kusimama, bila kuvunja vipimo.

Na kama baada ya kujua njia hizo bado anataka kiti kikubwa kuliko meza, aruhusiwe, katika mchoro wa pili. Michoro midogo ya Kiajemi, picha takatifu za Bizanti, dola ya kale ya Kikristo, na michoro mirefu ya kukunjwa ya China ilionyesha nafasi kwa kanuni nyingine, na mara nyingi mwenye hadhi ndiye aliyechorwa mkubwa. Kuiita hali hiyo kutojua ni kukosa adabu kwa mafundi wa karne nyingi. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alipochora chumba chake cha kulala huko Arles, Ufaransa, mwaka 1888, alikuwa ameshatumia fremu yenye kamba nyembamba za kupimia tangu 1882, kwa hiyo kanuni alizijua. Kitanda chake kinajaza upande mmoja wa picha na sakafu inapanda kwa kasi. Sehemu ya ajabu hiyo inatokana na chumba chenyewe, ambacho si kona zake zote zilikuwa za mraba; sehemu nyingine ni yeye aliyeamua. Mwanafunzi naye afike mahali pa kuweza kutenganisha hayo mawili katika kazi yake.

Kona, simu na alama

Anayetazama kona ya jengo badala ya ukuta anahitaji nukta mbili, na hapa tatizo kubwa ni karatasi ndogo. Wanafunzi huzibana nukta zote mbili ndani ya A3, na jengo linatokea na kona kali kama ncha ya kisu. Nukta ziende nje ya karatasi: bandika karatasi katikati ya meza, weka pini au kipande cha kitepe sentimita 40 kila upande, na vuta uzi badala ya rula. Kipimo rahisi cha kujua kama umezibana ni kona ya karatasi nyingine: pembe ya sakafu iliyo karibu nawe zaidi isiwe finyu kuliko kona hiyo. Kiti kilichokaa upande ndani ya chumba cha nukta moja nacho kinataka nukta zake mbili, lakini juu ya mstari uleule wa macho, kwa sababu jicho ni lilelile.

Picha za simu zitakuja darasani hata zikikatazwa. Zitumike kukagua, zisiwe za kunakili. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana na inachukua zaidi ya nyuzi 60, hivyo vilivyo pembeni huvutika; na simu ikiinamishwa kidogo, kuta za wima zinaanza kukutana juu au chini, jambo ambalo mwanafunzi hajafundishwa na hataelewa limetoka wapi. Simu ishikwe wima kabisa, kwenye kimo cha macho alichokiandika, kisha arudi nyuma.

Wanaopinga utaratibu huu husema kwamba huwezi kusahihisha kwa haki michoro 40 ya mahali 40 tofauti. Inawezekana, mradi usahihishe uamuzi na ujenzi, usisahihishe hadithi. Mstari wa macho unalingana na kimo kilichoandikwa? Mistari inayokwenda mbali inaingia kwenye nukta bila kupotoka zaidi ya milimita 2? Kina kimepatikana kwa nukta ya umbali au kwa kukisia? Mtu, mlango na meza vinalingana kwa kimo? Ukaguzi huo unachukua dakika tatu kwa mchoro, na ni uleule kwa chumba cha tajiri na kwa kibanda. Alama kwa ajili ya huzuni au uzuri wa kumbukumbu zisitolewe hata moja. Zikitolewa, mwaka unaofuata kila mwanafunzi atatafuta msiba wa kuchora.

Ratiba ya vipindi sita vya dakika 80 inatosha: kimoja cha plastiki, kimoja cha ramani na kimo, viwili vya sakafu na vitu, kimoja cha kukamilisha kwa penseli laini ya 2B na vivuli, na cha sita cha kuchora mahali palepale upya kwa kimo kingine cha macho. Kipindi hiki cha mwisho kisikatwe muda ukibana. Ni bora kukata vivuli.

Wakati wa kutundika, usipange michoro kwa kulinganisha fremu zake. Pima kutoka sakafuni, na kila mchoro uuweke ili mstari wake wa macho uwe kwenye kimo halisi kilichotumika. Iliyochorwa kutoka mita 1.5 itakaa mbele ya uso wa mgeni. Iliyochorwa kutoka mita 1 itakaa chini, na anayetaka kuitazama vizuri atalazimika kupiga magoti.